Kikombe kimoja cha kahawa yetu wenyewe



Katika nyumba nyingi hapa Bweremana, asubuhi ni chai. Kahawa tunailima, tunaivuna, tunaichambua, kisha inakwenda. Wakati wa vita ilivushwa ziwani kwenda Rwanda kwa bei ya chini, na watu wengi walizama. Mwaka wa 2003 jirani zetu wa Minova walianzisha koperative SOPACDI, na kahawa ya pande hizi ikafika hata Uingereza. Lakini mpaka leo anayeionja ni mnunuzi, na anayeonja ndiye anayesema bei. Juma hili tunaomba kila mama aonje kahawa ya shamba lake.

Waonjaji wanatia kahawa iliyosagwa kikombeni, wanamwaga maji ya moto, wanangoja dakika 4 hivi, kisha wanaonja. Kafetiere ya kusukuma, ile ya kioo yenye kichujio cha chuma, inafanya karibu vilevile. Asiye nayo atumie kikombe na kichujio cha chai.

Twanga kahawa kavu polepole kwenye kinu ili ganda litoke, kisha uipepete. Ikaange juu ya mbabula kwa moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha. Ikianza kulia kama mahindi na kuwa rangi ya udongo mwekundu-mweusi, iondoe, uipoze upesi. Ingoje mpaka kesho yake.

Saga kiasi cha kikombe kimoja tu: vijiko 2 vya mezani kwa robo litre ya maji. Isiwe unga laini. Iwe kama chumvi ya mawe, isije ikapita kwenye kichujio. Maji ya ziwa yachemke kabisa kwanza. Hapa kwetu juu, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, kwa hiyo mwaga mara moja. Koroga, funika, ngoja dakika 4, sukuma polepole, mimina yote. Onja kwanza bila sukari.

Kwa nini kikombe kimoja, siyo termosi nzima? Kwa sababu ya ladha ya kiazi kibichi, ugonjwa unaojulikana katika kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi. Unafungamana na mdudu antestia, anayetoboa tunda. Punje moja tu inaharibu kikombe kizima, na kwa macho ni vigumu kuitambua. Ndiyo sababu waonjaji wanatengeneza vikombe 5 vya kahawa ileile: kimoja kikinuka kiazi, alama zinashuka. Wewe nusa kahawa ukishaisaga, kabla ya kumwaga maji. Harufu ya kiazi kilichomenywa inajitangaza yenyewe.

Ukiikuta, dawa iko shambani na kwenye beseni. Vuna matunda mekundu tu. Yatie majini, uondoe yanayoelea. Tenga yenye matundu. Pogoa miti ili mwanga uingie, maana mdudu huyo anapenda kivuli kizito.

Kazi ya kuchambua iko mikononi mwetu wamama. Tukiujua ulimi wa mnunuzi, tutajua pia wakati wa kukubali bei na wakati wa kuikataa. Kwenye mkutano ujao, kila mmoja aje na konzi moja ya kahawa iliyokaangwa. Tutaonja pamoja, kikombe kwa kikombe.