Kifaranga cha Bei Rahisi Ndicho Kinachokula Mtaji Wako

Ndugu mfugaji, na wewe mfanyabiashara unayetuletea vifaranga vya samaki kwenye ndoo siku ya mnada, salamu.

Kila mwaka naulizwa swali lile lile: "Afisa, vifaranga vya sato vya bei nafuu vinapatikana wapi?" Leo najibu wazi, hata kama nitawaudhi baadhi yenu. Usianze na bei. Anza kuuliza: vifaranga hivi vimetoka kwa wazazi gani, na vina umri gani?

Nianze na kosa langu. Nikiwa mgeni kazini, mzee mmoja upande wa Serengeti alichimba bwawa la mita 10 kwa 20. Jirani akamuuzia samaki wadogo 400 kwa bei ya kutupa. Nilikuwepo, nikaona wanaogelea vizuri, nikamwambia mzee apandikize. Baada ya miezi 8 ya pumba na dagaa tulivuta wavu. Bwawa lilijaa samaki wa urefu wa kidole. Mzee hakunilaumu, lakini bwawa lile leo limepandwa magimbi.

Tatizo lilikuwa hili. Sato huanza kuzaa mapema, akiwa na miezi 3 hivi. Bwawa likijaa, samaki hugombea chakula na hewa, wanadumaa, lakini kuzaa hawaachi. Hivyo "kifaranga" unachochotewa kwenye bwawa la jirani kinaweza kuwa samaki mzima aliyedumaa. Mtazame: kichwa na macho makubwa, mwili mwembamba. Huyo hata umlishe vipi, hakurudishii gharama.

Piga hesabu. Samaki 400 wakifika gramu 250 kila mmoja, una kilo 100. Wakiishia gramu 60, una kilo 24 tu. Ulichookoa kwenye bei ya vifaranga umekipoteza mara nyingi kwenye chakula na miezi yako.

Wengine husema, "Nitavua wadogo Mto Mara au ziwani, ni bure." Nakataa. Wakiwa wadogo huwezi kumtofautisha sato na furu kwa urahisi, na unaweza kubeba minyoo na samaki walao wenzao ukaviingiza bwawani. Tena kokoro na nyavu za macho madogo ni haramu, na anayemaliza samaki wachanga anamwibia mvuvi wa kesho.

Ninachoshauri ni hiki:

1. Nunua kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga kinachojulikana na afisa uvuvi wa halmashauri yako. Omba uoneshwe wazazi. Kituo kisichotaka kukuonesha, ondoka.

2. Omba madume pekee. Dume la sato hukua haraka kuliko jike, na bila majike bwawa halijai watoto. Vituo hulisha vifaranga chakula chenye homoni katika wiki 3 hadi 4 za mwanzo. Majike wachache huweza kubaki, hivyo wakifika gramu 30 hivi wakague chini ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike matatu. Majike waende jikoni.

3. Chagua walio na ukubwa unaolingana, wachangamfu, mapezi mazima, wasio na vidonda wala utando mweupe. Kwa kambale hili ni lazima, maana mkubwa humla mdogo.

4. Weka 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba. Kwenu milimani Tarime maji hupoa miezi ya Juni hadi Agosti na sato hula kidogo, basi panga kupandikiza baridi ikiisha.

Najua utasema kituo kiko mbali na nauli ni kubwa. Ni kweli. Ndiyo maana nasema wafugaji watano au sita wa kijiji kimoja wachange na kuagiza kwa pamoja. Na hapa wewe mfanyabiashara una nafasi yako: pokea oda, safirisha alfajiri kwenye mifuko ya nailoni yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili ya oksijeni, na vifaranga visilishwe siku moja kabla ya safari. Ukifika, elea mfuko juu ya bwawa kwa dakika 15 hadi 30, kisha changanya maji kidogo kidogo. Mteja akivuna vizuri atarudi kwako. Wa ndoo ya mnada harudi.

Ng'ombe humnunui mnadani bila kumkagua meno na kwato. Kwa nini samaki 400 uwapokee umefumba macho? Kabla ya kulipa, pita ofisi ya kata tukavikague pamoja. Safari hii sitasema "pandikiza" kabla sijauliza umri.