Goma: taa zinawaka, sufuria iko juu ya makala

Tangu Desemba 2015, kituo cha umeme cha Matebe, Rutshuru, kinatoa karibu megawati 13 kwa nguvu ya maji. Umeme ulifika Goma. Lakini ingia jikoni: maharagi bado yanatokota juu ya makala, na sehemu ya makala hayo inakatwa ndani ya mbuga ya Virunga, bila ruhusa.

Wafanyakazi wa mashirika yasiyo ya serikali wanajua hesabu ya mama wa nyumba. Makala yananunuliwa kidogo kidogo, kwa pesa ya leo. Jiko la umeme linaomba pesa nyingi mara moja. Na maharagi yanaiva baada ya masaa, si kama chai.

Shida ingine iko kwa wafadhili. Mara nyingi wanauliza nyumba ngapi zimepata umeme, majiko mangapi yamegawiwa. Kama gunia la makala limepungua, nani anauliza?

Mwaka 2021, kule Glasgow, Kongo ilisaini mapatano ya dola milioni 500 na CAFI kwa ajili ya misitu. Mama anayenunua kimfuko cha makala anahitaji jiko la mkopo, alilipe pole pole, kama anavyolipa makala.