Vijana wa Busia, tugeuze macho tutazame ziwa

Tuongee ukweli. Ukiwa kijana wa Busia au Malaba, mboka ni zile zile: boda, kubadilisha pesa za Kenya na za Uganda, kubeba mizigo, ama kukimbia na makaratasi ya madereva wa malori. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi pale Busia Februari 2018, lengo ni lori lipite haraka. Poa kwa nchi, lakini dereva asiyelala hapa hanunui chakula hapa. Na sisi bado tumeikodolea macho barabara.

Kumbuka kaunti hii ina ziwa. Sio Port na Port Victoria ziko kwetu, ila wengi wetu tunazijua kwa omena tu.

Hebu tuangalie wenzetu wa Pwani kidogo. Watamu na Malindi, kaskazi ikivuma kati ya Novemba na Machi, wageni hukodi boti, hutoka nje ya mwamba na kukokota chambo wakimtafuta sulisuli, yule mwenye pezi kama tanga. Akinasa, mtu anavutana naye hadi jasho limtoke, anapiga picha, kisha samaki anatiwa alama yenye nambari na kuachiliwa. Hakuna kitoweo! Na mgeni amelipa pesa ndefu. Si mambo ya jana pia: mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934.

Utasema ni upuzi, nani analipa kushika samaki halafu amwachilie? Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hii haitaki digrii. Samaki wa kupimwa kwa kilo anauzwa, anaingia sufuriani, kwisha. Aliyeachiliwa anaweza kunaswa tena na mgeni mwingine. Na mgeni akija, nahodha anakula, muuza mafuta anakula, mpishi anakula, mwenye chumba cha kulala anakula.

Tena si lazima iwe bahari. Hapo jirani Uganda, chini ya maporomoko ya Murchison, watu husafiri kutoka ng'ambo kumfuata mbuta, huyu huyu tunayemkaanga sisi na ambaye Watanzania humwita sangara. Mbuta si mchezo: aliyeweka rekodi ya dunia kwa mshipi alikuwa na kilo 104, alivuliwa Lake Nasser kule Misri mwaka 2000.

Basi kwa nini si Sio Port? Sababu zipo, tusijidanganye. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Ukitoka Port Victoria, maji ya Uganda hayako mbali, na tangu 2017 wanajeshi wa Uganda wanapiga doria huko. Wavuvi wetu hukamatwa, boti na injini zikachukuliwa. Mgeni gani atalipa ili akashikwe katikati ya ziwa? Halafu kuna sisi wenyewe: nyavu za matundu madogo zinazomaliza mbuta wachanga. Usipomwacha mtoto akue, jitu la kupigiwa picha litatoka wapi?

Kwa hivyo, kabla mwanasiasa hajaja kukuahidi hoteli ya nyota tano ufuoni, mwulize mambo matatu. Moja, mpaka wa majini utawekwa alama lini ili nahodha ajue anapoishia? Mbili, vijana waliozaliwa ufuoni watasomeshwa unahodha na usalama wa majini, na kila boti iwe na jaketi za kuokoa maisha, ama kazi itapewa watu wa mbali? Tatu, mvuvi wa omena na mama anayeanika samaki watabaki na sehemu yao ya ufuo? Jibu la hilo la tatu likiwa hapana, mimi simo. Utalii unaomfukuza mwenyeji ni wizi uliovaa miwani ya jua.

Sisemi kesho uuze boda ununue boti. Nasema mpaka umetulisha kwa sababu watu wanapita, na anayepita haraka hatuachii kitu. Ziwa linaweza kumfanya mtu abaki siku mbili. Diwani wako akija mtaani kuomba kura, mwulize hayo matatu kwa sauti, mbele ya watu.