Mutoto iko na kwabo: makuta ya orfelina yafuate familia

Kwetu Wanande jina la mtoto linahesabu. Kambale ni kijana wa pili wa mama yake, Kasereka ni wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Basi picha ya mtoto wa orfelina ya Beni ao ya Butembo ikitumwa ngambo, na chini yake wameandika tu «Kasereka, miaka 7, hana mtu», sisi tunaosoma jina tunajua kwamba mbele yake walizaliwa vijana wawili. Wako wapi? Nani aliwatafuta? Na shangazi zake, baba zake wadogo, tate wake aliyebaki Lubero ao Mbau, nani alienda kuwauliza?

Tunaandika tamko hili juu ya nyumba za mayatima zinazoendeshwa na makanisa na huduma za Kikristo katika miji yetu miwili, zile zinazoishi kwa makuta ya waamini wa Ulaya na Amerika. Hatuandiki kwa kuchafua jina la mtu. Tunaandika juu ya njia ambayo makuta hayo yanapita, kwani njia hiyo ndiyo inaamua mtoto atalala wapi.

Kwanza tuwape haki yao. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa kuzunguka Beni: Ngadi, Eringeti, Mayangose, na Rwangoma mwezi wa Agosti 2016. Mengi ya mauaji hayo yanahesabiwa kwa ADF. Kisha Ebola: ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na iliua watu zaidi ya 2,200. Mangina, Beni, Katwa na Butembo vilikuwa kati ya fasi zilizopigwa zaidi. Katika miaka hiyo kuna masista, mapasta na bamama wa kanisa waliofungua mlango usiku wakati hakuna biro ya serikali iliyokuwa wazi. Mtu anayesema nyumba hizi hazina faida hata kidogo, hajaona mtoto aliyeletwa na motari kutoka njia ya Oicha, hajui hata kutaja kijiji chake.

Lakini kumpokea mtoto usiku ni jambo moja. Kumweka miaka kumi ni jambo lingine.

Mwaka 2009 shirika la Save the Children liliandika kwamba duniani, angalau watoto wanne kati ya watano wanaolelewa katika nyumba za namna hii wana mzazi mmoja ao wote wawili wazima. Sisi wa hapa hatushangai. Tunajua namna mtoto anavyofika mule. Baba ameuawa shambani. Mama hawezi tena kurudi kulima juu ya woga, anakodi chumba kimoja mjini na watoto watano. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini daftari si bure, viatu si bure, na sekondari inaomba makuta. Anasikia kwamba kule kwa pasta batoto banakula na banasoma. Anamchukua mmoja, anamsafisha, anampeleka yeye mwenyewe. Hakumtupa. Alitafuta shule.

Hapo ndipo neno linageuka. Kwa Kiswahili chetu, aliyefiwa na baba anaitwa yatima hata kama mama yake anauza ndizi sokoni. Mufadhili wa ngambo akisoma neno hilo katika lugha yake, anaelewa mtoto asiye na mtu duniani. Analia, anaomba, anatuma makuta. Moyo wake ni safi. Lakini makuta hayo yanalipa kitanda cha mtoto, hayalipi kodi ya chumba cha mama.

Na yanalipwa kwa hesabu ya vichwa. Picha moja, mtoto mmoja, mufadhili mmoja. Kitanda kikibaki wazi, makuta yake yanasimama. Tuseme pasta anataka kurudisha watoto kumi kwao: mwezi unaofuata atalipaje mpishi, nyumba, na shule ya wale waliobaki? Hata kama hakuna mwizi katika hesabu hii, jibu lake ni lile lile kila mwezi: mtoto abaki.

Barua ya Yakobo, ambayo wahubiri wetu wanapenda kuisoma wakati wa kukusanya sadaka, inataja mayatima na wajane pamoja, katika mustari mmoja. Orfelina inamchukua yatima, inamwacha mjane mlangoni. Tunawauliza wachungaji na mapadri wetu kwa heshima yote: ule mustari mumeukata katikati juu ya nini?

Watu wengine watatujibu kwamba familia za Kivu zimechoka, haziwezi tena. Waangalie vizuri. Wale waliokimbia Eringeti, Oicha na Mbau, wengi wao hawakulala katika kambi. Walipokelewa ndani ya parsele za ndugu, za rafiki, za watu wa kanisa, hapa Beni na kule Butembo. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na tano. Familia hizo zinalea mayatima kila siku, bila picha, bila barua ya shukrani kwenda ngambo. Zimechoka kweli, lakini hazijafunga mlango. Fungu la makuta yanayolipa kitanda kimoja lingepita kwao, lingelisha wangapi?

Na tumeshaona kazi hii ikifanywa vizuri, hapa hapa. Wakati wa Ebola, UNICEF pamoja na watu wetu walifungua nyumba ndogo za watoto karibu na vituo vya matibabu vya Beni na Butembo. Mama akilazwa, mtoto wake alilelewa pale na watu waliopona Ebola, kwa sababu wao waliweza kumbeba bila kuogopa ugonjwa. Alifuatiliwa siku 21. Kisha kazi ilikuwa kumrudisha kwa wake: kwa mama akipona, kwa tate ao mama mudogo akifa. Ile nyumba ilikuwa mlango wa kupitia, na kila mtu aliyefanya kazi mule alijua hivyo. Orfelina zetu ziige mfano huo.

Kuna pia hatari ya mbali zaidi. Mwezi wa Septemba 2013 serikali ya Kinshasa ilisimamisha ruhusa za kutoka inchini kwa watoto waliopangwa na wageni, juu ya mashaka mengi kuhusu makaratasi. Hata hivyo, mwaka 2017 habari ilitoka Ubelgiji: watoto kutoka upande wa Gemena walichukuliwa kwa wazazi wao kama vile wanaenda likizo Kinshasa, kumbe walipelekwa Ulaya kama mayatima. Wazazi walikuwa wazima. Hatusemi kwamba mambo hayo yanafanyika katika nyumba za kwetu. Tunasema kwamba fasi yoyote ambako mtoto hana faili, hana jina la kijiji, hana jina la mjomba, mlango wa ubaya uko wazi.

Sheria tuko nayo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaomba kwamba mtoto aliye katika shida awekwe kwa uamuzi wa hakimu wa watoto, katika familia ao katika nyumba inayotambuliwa. Makubaliano ya pasta na mama mjane mlangoni si uamuzi wa hakimu. Na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linaloomba inchi zote ziache polepole kuweka watoto katika nyumba kubwa, na kupeleka nguvu kwa familia.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya:

1. Biro ya mambo ya kijamii ya Beni na ya Butembo itangaze, kila moja katika muji wake, orodha ya nyumba za watoto zinazotambuliwa, na iibandike mbele ya meri ili kila mzazi aisome.

2. Kila mtoto awe na faili: jina lote, kijiji, majina ya ndugu, siku aliyoingia, nani alimleta, na hakimu gani aliamua.

3. Makanisa yatumie nguvu yao. Hakuna biro ya serikali inayofika fasi parokia na kapela zinafika. Tangazo moja la Jumapili, kutoka Kanyabayonga mpaka Kasindi, linaweza kumpata mjomba ambaye faili haikumpata.

4. Wafadhili wa ngambo wasikate msaada kesho asubuhi, kwani watoto watalala njaa. Waseme hivi: mtoto akirudi kwao, makuta yetu yatamfuata kwao, kwa shule yake na kwa kazi ndogo ya mama yake.

5. Picha za sura za watoto pamoja na majina yao na historia ya kifo cha wazazi wao ziondolewe. Mtoto aliyeponea panga hana deni la kuonyesha kidonda chake ili apate chakula.

Bandugu vijana, sehemu yetu iko hapa. Usisambaze picha hizo katika simu yako, hata kama aliyekutumia ni rafiki. Na kama kanisa lenu lina orfelina, kaa na baba pasta ao baba padri baada ya ibada, bila makelele, umuulize swali moja: mwaka huu batoto bangapi barudi kwabo?

Nyumba inayofanya kazi nzuri itajibu kwa furaha, na hesabu mkononi. Tutaanza kukusanya majibu hayo komini kwa komini, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba kule Butembo, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori hapa Beni. Tutayapeleka kwa mameya wawili, na kwa hakimu wa watoto. Mahali jibu litakosekana, tutarudi kuuliza tena.