Analogi Si Tusi: Hoja kutoka Mabwawa ya Sagana

Katika kampeni za uchaguzi mkuu wa Kenya wa mwaka 2013, istilahi mbili za wahandisi ziliingia majukwaani na kupewa kazi ya siasa. "Dijitali" likawa jina la ujana na maendeleo. "Analogi" likawa dhihaka kwa wazee na kwa kila kilichopitwa na wakati. Utangazaji wa runinga ulipohamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine mwaka 2015, dhihaka ile ilipata mashiko zaidi. Lugha ni mali ya wasemaji wake na hakuna awezaye kuwazuia kuitania. Hata hivyo, wasomi wa Kiswahili wana wajibu wa kuuliza neno hupoteza nini linapogeuzwa kuwa tusi. Jibu, pengine kwa mshangao wa wengi, liko kando ya bwawa la samaki.

Sagana ni mji wa Kaunti ya Kirinyaga, kwenye barabara iendayo Karatina na Nyeri. Hapo pana kituo cha ufugaji na utafiti wa samaki ambacho kimekuwapo tangu enzi za ukoloni. Serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki nchini mwaka 2009, perege na kambare waliingia katika mashamba ya watu ambao babu zao hawakuwa na mazoea ya kula samaki. Wafugaji hao walijifunza upesi kwamba adui mkubwa huja usiku. Mchana mimea midogo ya majini hutoa oksijeni; jua likizama, mimea hiyo pamoja na samaki huivuta, na kiwango chake hushuka hadi kufikia upeo wa chini muda mfupi kabla ya macheo. Oksijeni ikipungua chini ya miligramu 3 hivi katika kila lita, samaki huanza kuteseka, na mfugaji aliyelala huamka akakuta wanaelea.

Kinachoweza kumwamsha mapema ni kihisi kilichotumbukizwa majini. Lakini oksijeni ya bwawani haishuki kwa tarakimu. Hushuka mfululizo, bila vituo, kama mteremko. Huko ndiko kuwa analogi, na hakuna uzee wowote ndani yake. Kihisi hutoa volteji inayofuata mteremko huo, kisha saketi iitwayo kigeuzi cha analogi kuwa dijitali huisoma volteji na kuitolea namba. Yote haya hutegemea betri. Kuna kinaya hapa: Mto Sagana, ambao ukiendelea mbele huitwa Tana, huzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na Gitaru pekee ina uwezo wa megawati 225. Hata hivyo, kifaa kinachoelea katikati ya bwawa la mkulima hakina waya wa kukifikishia hata sehemu ndogo ya umeme huo. Betri ikizimika saa kumi alfajiri, msimu mzima wa ufugaji waweza kupotea.

Basi umeme wa kigeuzi hupunguzwaje? Swali hili hujibiwa kwanza na umbo la saketi. Lipo umbo la haraka mno, ambalo huilinganisha volteji na viwango vyote kwa mara moja. Kwa biti 8 huhitaji vilinganishi 255, kwa biti 10 huhitaji 1023, na vyote hula umeme. Lipo umbo jingine, la subira, ambalo kila aliyewahi kumtazama muuzaji mwenye mizani ya mawe atalitambua. Kigeuzi huweka kwanza jiwe la nusu ya uzito wote. Likizidi, huondolewa, lisipozidi, huachwa, kisha likaongezwa la robo, halafu la thumuni, hadi mizani ikaribie kutulia. Kilinganishi ni kimoja tu, na biti 8 hupatikana kwa hatua 8. Kwa bwawa ambalo hali yake hubadilika kwa saa, haraka ya umbo la kwanza ni israfu.

Volteji nayo ina hesabu yake. Nishati inayotumika kila kapasita inapojazwa na kumwagwa hufuata kipeo cha pili cha volteji. Ukiipunguza volteji kwa nusu, matumizi hushuka hadi robo. Usahihi pia una bei. Pale ambapo kelele itokanayo na joto ndiyo kikwazo, kila biti moja ya ziada huweza kuzidisha matumizi mara nne. Kipimo cha kuanzia 0 hadi miligramu 20 kwa lita, kikigawanywa kwa biti 8, hutoa hatua za takriban miligramu 0.08. Mfugaji wa perege hahitaji zaidi. Anayemuuzia kifaa cha biti 16 kwa sifa ya usahihi anamuuzia betri ya kubadilisha mara kwa mara.

Lililo kubwa kuliko hayo yote ni usingizi. Kipimo kimoja kila dakika 10 ni vipimo 144 kwa siku, na kila kimoja huchukua muda mfupi kuliko kope kupepesa. Saa zilizobaki saketi inapaswa kulala, na ustadi wa mbunifu hupimwa kwa mkondo unaovuja wakati huo. Ni kweli kwamba redio inayotuma ujumbe kwa simu ya mfugaji mara nyingi hula umeme kuliko kigeuzi chenyewe. Ndiyo maana wabunifu hupendelea saketi ndogo inayoweza kuamua, kabla ya kuiamsha redio, kwamba hakuna jipya la kusema.

Mambo haya hayako mbali na vyuo vya Afrika Mashariki. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies inayojihusisha na utengenezaji wa vipande vya silikoni, na masomo ya fani hiyo huendeshwa kwa Kiingereza. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi ya aina hiyo kwa saketi hizi inaweza kuanza kwa maneno yasiyozidi 20. Kigeuzi, kilinganishi na kihisi yameshaundika kwa vitenzi vya kawaida. Mkondo unaovuja hauhitaji tafsiri. Maabara iko Nyeri na mabwawa yako Sagana, na idara ya Kiswahili inaweza kuwatuma wanafunzi wake kote kuwili kabla hawajaketi na makamusi. Neno analogi libaki, ila kamusi ilipe kwanza maana ya bwawani, na ile ya jukwaani ifuate katika nafasi ya pili.