Matokeo ya Vipimo vya Zege Yakabidhiwe Pamoja na Funguo

Mhariri,

Usimamizi wa ubora katika ujenzi, yaani utaratibu wa kupanga, kupima na kuweka kumbukumbu za kila hatua ya kazi ili jengo lilingane na michoro na mkataba, umegeuzwa nchini kuwa shughuli ya siku ya makabidhiano, ambapo mshitiri, yule anayegharimia jengo, huzungushwa vyumbani akionyeshwa rangi, marumaru na dari la jipsamu, kisha huulizwa kama ameridhika. Ridhaa ya namna hiyo ni ya macho tu, kwa kuwa kinachobeba jengo kimekwisha kufunikwa.

Uimara wa zege hutegemea uwiano wa saruji, mchanga na kokoto, na zaidi sana kiasi cha maji, hivyo fundi anayeongeza ndoo moja ili mchanganyiko umiminike kwa urahisi hulidhoofisha bila kuacha alama ambayo mwenye nyumba anaweza kuitambua. Ndiyo maana wahandisi hutaka sampuli ichukuliwe zege linapomwagwa, ijazwe katika kalibu za mchemraba zenye milimita 150 kila upande, itunzwe majini na kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28, ili ijulikane inahimili mzigo kiasi gani. Katika nyumba nyingi za watu binafsi vipimo hivyo havifanywi. Vinapofanywa, matokeo hubaki katika majalada ya mkandarasi na mshauri elekezi, mtaalamu anayesimamia kazi kwa niaba ya mshitiri, na mnunuzi wa baadaye hapewi hata karatasi moja.

Kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12 ya mkandarasi kurekebisha kasoro kwa gharama zake, hufaa kwa bomba linalovuja, lakini nondo iliyo ndani ya zege hafifu, katika hewa ya chumvi ya pwani, hushika kutu polepole na kujitokeza baada ya miaka, malipo yote yakiwa yamekwisha kutolewa.

Majengo mengine hayangoji hata miaka hiyo: jengo lililoporomoka likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, liliua watu 36. Baada ya jengo jingine kuporomoka Kariakoo, Novemba 2024, iliundwa tume ya kukagua majengo ya eneo hilo: ukaguzi, kwa mara nyingine, uliotanguliwa na mazishi.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi zinaombwa kuweka sharti kwamba matokeo ya vipimo vya zege, pamoja na saini ya mhandisi aliyekagua nondo na kuruhusu kila slabu imwagwe, yakabidhiwe siku moja na funguo na yahamie kwa kila mmiliki anayefuata. Bango la eneo la ujenzi lenye majina ya wahusika huondolewa kazi inapokwisha. Nyaraka hizo zibaki na jengo.

Msomaji,
Dar es Salaam