Willy Gamba: Shujaa au mpotoshaji?

Litaje jina la Willy Gamba mbele ya wasomaji wa Kiswahili wa rika la makamo, nawe utawagawa papo hapo. Huyu atatabasamu akikumbuka alivyokesha na kibatari akisoma Kufa na Kupona. Yule atasonya na kusema vitabu vile viliwaharibu vijana.

Wote wawili wana hoja. Mwandishi Mtanzania, Elvis Musiba, alimtoa Willy mwaka wa 1974, kisha akamrejesha katika Kikosi cha Kisasi, Njama na Hofu. Kisa cha kwanza kinamleta jasusi huyo Nairobi kusaka nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Enzi hizo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao Dar es Salaam, na maadui wa Willy mara nyingi ni makaburu na vibaraka wao. Hivyo kijana aliyesinzia katika somo la historia aliijua vita hiyo kupitia Willy.

Lakini wanaolalamika nao hawazushi. Pombe humiminika na maiti hurundikana. Mrembo akitokea, mara nyingi msomaji ameshajua: ama ni mtego, ama ni zawadi ya shujaa. Ndiyo maana wengine humpendelea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye hufumbua mafumbo kwa kiko na akili.

Basi mzazi afanyeje akimkuta mwanawe na Willy Gamba mkononi? Ushauri wangu ni kwamba asimnyang'anye. Kitabu kinachofichwa chini ya godoro husomwa bila mtu wa kuuliza maswali. Afadhali mzazi naye akisome, kisha wakila chajio aulize: Je, huyu mwanamke hana kazi nyingine ila kumtega Willy? Na hawa waliouawa, nani anawalilia?

Mtoto anayesoma Kiswahili kwa ajili ya mtihani tu, mtihani ukiisha huiaga lugha. Willy, pamoja na ila zake zote, aliwafanya maelfu wasome bila kutumwa na mwalimu. Hakuna masika yasiyo na mbu, lakini mkulima hajapata kuikataa mvua kwa sababu hiyo.